Amefikia kwa Nani?

Kiingereza kina vitenzi vya kuwasili ambavyo kwa miaka mingi vimewatisha wanafunzi wetu. Si arrive peke yake, bali ukoo mzima wa vitenzi vifupi, kila kimoja kikifuatwa na kijineno chake: get in, turn up, show up, drop by, check in, touch down, set in. Kitenzi chenyewe ni cha kila siku, mtoto wa darasa la tano anakijua. Kijineno kinachokifuata ndicho kinachoipindua maana. Kuna kuingia, kuna kuzuka, kuna kupitia kidogo, kuna kutua.

Miaka niliyofundisha sekondari, na kabla ya hapo tulipokuwa chuoni tukiandaliwa kuwa walimu, orodha hii ilikuwa ikipangwa ubaoni upande wa kushoto, na upande wa kulia likaandikwa neno moja tu lenye mabano marefu: kufika. Vitenzi saba vya Kiingereza, tafsiri moja. Hakuna aliyemwambia mwanafunzi kwamba lugha yake ni maskini, lakini ubao wenyewe ulimwambia. Somo la namna hiyo halifutiki kwa kifutio. Nimewasikia watu wazima, wasomi wa kupigiwa mfano, wakisema kwa uhakika kwamba Kiswahili hakina njia ya kutofautisha namna za kuwasili. Nia yangu ni kulipinga dai hilo kwa ushahidi, tena kwa ushahidi wa mwambao huu wa Mkwaja, baina ya Pangani na Saadani, unaotazamana na ncha ya kaskazini ya Unguja. Watu wa hapa wameishi kwa kutazama nani anakuja na anakuja vipi, nayo lugha yao imeyahifadhi waliyoyaona.

Tuanze na neno la Kiingereza lenyewe, kwani lina siri ambayo mtu wa pwani ataifurahia. Arrive lilipita katika Kifaransa cha kale, na chanzo chake ni maneno mawili ya Kilatini: ad, yaani kwenye, na ripa, yaani ukingo wa maji. Aliyewasili, hapo mwanzo, ni aliyegusa ufuko. Waingereza wa leo huwasili kwa treni katikati ya nchi kavu, wala hawakumbuki kwamba ulimi wao bado unanuka chumvi. Wareno nao husema chegar na Wahispania llegar, maneno ambayo wanaisimu huyapeleka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukunja. Na wengi wao hueleza kwamba kilichokunjwa ni matanga. Baharia akikunja tanga, amefika.

Je, sisi hatuna hilo? Tunalo, tena lingali hai. Chombo kikitoka hutweka tanga, na kikifika hutua tanga. Kutweka ni kupandisha, kutua ni kuteremsha. Kitenzi hicho hicho hutumiwa na mchukuzi anayeshusha mzigo begani: ametua mzigo. Jua likimaliza safari yake ya siku, limetua. Ndege wa angani akishika tawi, ametua. Na ndege ya chuma ilipokuja kutembelea anga zetu hatukuhangaika kuitafutia neno, tukaipa lile lile la ndege mwenzake. Pale ambapo Mwingereza alilazimika kuunganisha kugusa na chini ili apate touch down, Mswahili alikuwa na silabi mbili zilizokwisha kubeba tanga, mzigo, jua na ndege. Kutua ni kufika kwa mtu aliyekuwa amebeba kitu, akakiweka chini. Ndiyo maana moyo nao hutua, na mwenye moyo uliotua tukamwita mtulivu wa nafsi kabla ya kumwita msafiri.

Bahari imetuachia mengine. Kubisha ni kwenda dhidi ya upepo, chombo kikipinda huku na huku ili kipate kusonga mbele. Na kubisha ni kugonga mlango na kupiga hodi. Sitadai kwamba maana hizi zimezaana, lakini mshairi hana budi kufurahi kwamba zinakaa nyumba moja. Anayebisha baharini na anayebisha mlangoni wote wamo njiani. Wote bado hawajapokewa. Kisha lipo neno kupwelewa, yaani kuachwa na maji yanayopwa, chombo kikabaki kimekaa juu ya mchanga hali ufuko unaonekana. Huko ni kufika kusikokuwa kufika. Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, meli ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilipwelewa hivyo hasa karibu na Mtang'ata, kusini ya Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena, ikaendelea na safari. Januari 1499, meli zilipokuwa zikirudi kutoka Uhindi, Wareno waliichoma moto papo hapo kwenye mwambao wetu, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha meli zote. Anayetaka kueleza jambo hilo kwa kitenzi kimoja hapati katika Kiingereza neno linalosema mara moja kwamba maji ndiyo yaliyotenda na meli ndiyo iliyotendwa. Katika Kiswahili analo.

Hata hivyo utajiri wetu mkubwa haumo katika wingi wa maneno mbalimbali, bali katika mwili wa neno moja. Kufika ni kitenzi cha Kibantu cha asili. Mzulu aliye kusini kabisa ya bara hili husema fika na maana ni hiyo hiyo, na Mbemba wa Zambia vilevile. Kiingereza huongeza kijineno nyuma ya kitenzi. Kiswahili hukichokoza kitenzi chenyewe tumboni. Tazama. Amefika: yupo, safari imekwisha. Amefikia: ana mahali alipopokewa, ana mwenyeji, ana kitanda. Amefikisha: alikuwa amechukua amana ya mtu, nayo sasa iko mikononi mwa mwenyewe. Wamefikishana: hapo jihadhari, kwani aghalabu ni mahakamani. Panafikika: njia ipo. Mvua kubwa zinapoikata barabara ya udongo watu husema Mkwaja hakufikiki, na katika neno hilo moja umeeleza hali ya barabara, hali ya msafiri na hali ya wagonjwa wanaosubiri upande wa pili.

Namwomba msomaji asimame kidogo kwenye amefikia, kwa sababu hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mtu akisema shangazi amefika Tanga, swali linalofuata pwani nzima ni: amefikia kwa nani? Swali hilo si udaku. Ni sarufi iliyogeuka kuwa adabu. Irabu moja iliyopachikwa ndani ya kitenzi imemleta mwenyeji katika sentensi, hata kabla hajatajwa jina. Anayefikia hotelini tunamwonea huruma kidogo, kana kwamba hana ndugu mjini. Kiingereza kina check in kwa ajili ya hoteli, na ni neno zuri la kaunta: jina, saini, ufunguo. Lakini neno hilo halibadiliki likaenda nyumbani kwa shangazi. Kufikia huenda kote kuwili.

Vijineno vya Kiingereza pia vina kazi ya kuonyesha mahali: in kwa ndani, by kwa kando, up kwa kujitokeza. Kazi ya ndani na kando sisi huwapa viambishi vya mahali, ambavyo huweza kutangulia kitenzi na kukitawala. Nyumbani pamefika mgeni: ni hapa hasa, mahali panapojulikana. Nyumbani kumefika mgeni: ni huko kwa jumla, habari imetufikia kwa mbali. Nyumbani mmeingia mgeni: yumo ndani, kati ya kuta. Katika sentensi hizi tatu nyumba ndiyo mtawala wa kitenzi, mgeni anakuja nyuma. Mfasiri anayezipeleka sentensi hizo katika Kiingereza atapata moja tu, na hakuna atakayeandika ubaoni kwamba Kiingereza ni maskini.

Kisha kuna kutendwa. Amefikwa na msiba. Yamemfika ya kumfika. Mauti yamemfika. Hapa binadamu hakwenda popote. Alikuwa ameketi kwake, na safari imefanywa na jambo. Kitenzi kilekile kinachomleta shangazi kutoka Pemba na kapu la karafuu ndicho kinacholeta kifo. Sijui lugha iliyo na ukweli zaidi ya huo. Kila kitu kina miguu, na mwenyeji hachagui kila kinachofika.

Vitu visivyo na miguu navyo vimepewa vitenzi vyake, wala havichanganywi. Mwezi mpya huandama. Usiku huingia. Kuna kucha, bila ya mtendaji yeyote, mahali penyewe pakipambazuka. Maji hujaa. Masika hushika, nayo ndiyo maana ya set in ikiwa na nguvu zaidi. Wakati huwadia, na saa hujiri. Kasa wanaotoka baharini usiku kutaga mayai katika mchanga wa Madete hupanda. Hakuna mtu wa hapa atakayesema kasa amewasili, labda kwa mzaha. Ukiniambia kwamba jambo limewadia, najua ni la majira. Ukiniambia limenifika, najua ni zito. Ukiniambia limezuka, najua kwamba hatukulitarajia, na pengine hatukulitaka.

Tunayo pia njia ya nne, ambayo kwa umbo inakaribiana sana na vitenzi vya Kiingereza: kitenzi kidogo kinachoongozana na nomino. Kutia nanga. Kufunga gati. Kupiga hodi. Kutia mguu. Vijana wameongeza kutia timu, kwa maana ya kutokea mahali kwa kishindo, na mimi sioni kosa ndani yake. Ukungu wake ni ule wa kutia nanga. Hapa nitawashangaza baadhi ya wenzangu wa rika langu kwa kuzisifu kurasa za michezo. Timu imetinga robo fainali. Mshambuliaji mpya ametua Jangwani. Waandishi hawa, wanaolaumiwa kila siku kwa kuharibu lugha, wameyabeba maneno ya baharini na ya mtaani wakayaweka mbele ya mamilioni ya wasomaji kila asubuhi. Wakati washairi wengine tunarudia amewasili, wao wanatua, wanatinga, wanatimba na wanaibuka.

Kuwasili silichukii. Ni neno letu kwa haki ya muda mrefu, lililotoka katika Kiarabu kwenye mzizi wenye maana ya kuungana na kufikia, na uzao wake ni mwema. Kuwasilisha hoja ni kuifikisha mbele ya watu. Kuwasiliana, ukilitazama kwa makini, ni watu wawili kufikiana. Mahali pake panajulikana: mgeni rasmi huwasili, treni huwasili, barua za serikali huwasili. Ninachokilalamikia ni kulitandaza kila mahali kama jamvi. Bibi harusi anawasili, mvua zinawasili, huzuni inawasili, jioni inawasili. Mshairi akijitetea kwamba anashibisha mizani, nitamwomba ahesabu nami kwa vidole: a-me-wa-si-li, mizani tano, a-me-fi-ki-a, mizani tano. A-me-fi-ka, nne, a-me-tu-a, nne. Kubadili neno hakugharimu mizani hata moja. Kinachogharimu ni kufikiri, na hilo ndilo tulilokubali kulilipia tulipoamua kutunga.

Sasa nimrudie yule mwanafunzi na ubao wake. Ile orodha ya kushoto ningependa ijibiwe hivi. Treni gets in: inaingia. Tulimngoja rafiki, he did not turn up: hakutokea. Wapiga kura show up: wanajitokeza. Jirani atakayedrop by jioni: atapitia, na angalia jinsi kunyambua kupita kulivyoleta maana yote ya kusimama kidogo bila kukaa. Msafiri anayecheck in: amefikia hoteli fulani. Ndege inayotouch down: imetua. Masika zinazoset in: zimeshika. Vitenzi saba, majibu saba. Hakuna hata mahali pamoja tulipolihitaji neno kufika likiwa uchi.

Lakini jambo hili si la ubao peke yake. Lina uzito katika historia yetu, na mwambao huu ndio unaonilazimisha kuutaja. Agosti 1888 maofisa wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walikuja Pangani kupandisha bendera yao na kushika mamlaka ya mji. Watu wa Mrima waliwapinga chini ya Bushiri bin Salim, na tarehe 15 Desemba 1889 Bushiri alinyongwa huko huko Pangani. Vitabu vingi tulivyosomeshea huliita jambo hilo ujio wa wakoloni, au kuja kwa Wajerumani, kana kwamba ni kaskazi iliyovuma kwa majira yake. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyeishi katika mwambao huu na kuishuhudia zama hiyo, alitunga utenzi juu ya vita hivyo, nao unajulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Si kufika Mrima. Si kuwasili Mrima. Kutamalaki: kuimiliki nchi, kuishika kwa nguvu. Mwambao huu ulikuwa umepokea wageni kwa karne nyingi, kutoka Uarabuni, Uhindi na visiwani, na ulikuwa na maneno ya kutosha kwa kila aina ya mgeni. Lile lililochaguliwa kwa Wadachi halikutoka katika ukoo wa wageni.

Tena tunalo neno linalofanana na hilo kwa sauti na kupingana nalo kwa maana. Kulaki ni kwenda kumpokea anayekuja kabla hajafika, kutoka nje ya nyumba hadi bandarini au hadi kituo cha basi ili asiingie peke yake. Kulaki na kutamalaki hutoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu, lakini vina vyake ni kimoja. Mtu akitaka kutunga beti juu ya karne ile, lugha imekwisha kumwekea vina mkononi: wa kumlaki, na wa kutamalaki. Kilichobaki ni kuamua nani aliye nani.

Ndiyo maana nasema uchaguzi wa kitenzi cha kuwasili si pambo. Mwandishi anayesema kampuni imewasili kijijini na yule anayesema kampuni imeingia kijijini hawajasema jambo moja. Na anayesema kijiji kimeikaribisha amesema la tatu, ambalo lazima alithibitishe. Barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga inajengwa, na itawaleta wengi katika vijiji hivi. Wako watakaopitia, wako watakaofikia kwa ndugu, wako watakaotua mizigo yao wakawa wenyeji, na huenda wakawapo wa kutamalaki. Itatupasa kuwaandika wote, na kila mmoja kwa neno lake.

Wahenga wametuachia methali mbili fupi ambazo mfasiri angepaswa kuzibandika mezani pake. Kutangulia si kufika. Kawia ufike. Zote mbili zinajua kwamba kufika ni zaidi ya kuwapo mahali. Methali ya tatu, mgeni njoo mwenyeji apone, inakwenda mbali zaidi: dawa imo katika kuja kwa mmoja, lakini anayepona ni wa pili. Kitenzi ni cha mgeni, matokeo ni ya mwenyeji. Lugha iliyotunga methali hiyo haiwezi kuridhika na mabano marefu upande wa kulia wa ubao.

Basi, wenzangu wa beti na wa kamusi, tukikutana tena na kitenzi cha kigeni cha kuwasili, tusikimbilie neno la kwanza lililo karibu. Tuulize kwanza: alikuwa amebeba nini, na amekiweka chini? Alitazamiwa, au alizuka? Yupo pale, yuko huko, au yumo ndani? Ametenda yeye, au ametendwa? Na mwisho wa yote tuulize swali ambalo kila mama wa pwani hii huliuliza pindi habari ya msafiri inapomjia: amefikia kwa nani? Tukishalijibu hilo, neno la Kiswahili litakuwa limekwisha kujileta lenyewe.